Mstari Mmoja Chini: Watoto Wetu na Kazi ya Usanifu wa Michoro



Katika Ramadhani ya mwaka 1445, alfajiri ya Jumamosi tarehe 30 Machi 2024, bibi mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza alikuwa ameketi jikoni kwake akila daku kwa utulivu. Mbele yake, kwenye mlango wa jokofu, lilibandikwa jedwali la nyakati za sala ambalo sisi wenyewe tulilidurufu na kuligawa msikitini. Alilitazama, akaona wakati bado upo, akajiongezea kikombe cha chai. Mara akaingia mwanawe, akitoka msikitini, na sala ya alfajiri imekwisha kusaliwa. Mwana akastaajabu, na mama akastaajabu zaidi.

Kilichotokea ni hiki. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 31 saa za Uingereza zilikuwa zisogezwe mbele kwa saa moja, kama ifanywavyo kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo nyakati zilizoandikwa katika mstari wa Jumapili ziliruka saa nzima kuliko zile za Jumamosi. Mistari ya jedwali letu ilikuwa imebanana, tarakimu zake ndogo, wala hapakuwa na alama yoyote iliyotenga siku na siku. Jicho la bibi yetu liliteleza mstari mmoja chini, basi. Siku nyingine za mwezi ule kuteleza huko kungemkosesha dakika mbili au tatu. Siku ile kulimkosesha saa nzima. Alipouliza, aliambiwa ajizuie kutwa kama mfungaji, kisha ailipe siku ile baada ya Idd. Naye akailipa.

Kosa lilikuwa letu, si lake. Tulikuwa tumehakikisha kwamba kila tarakimu ni sahihi, tukadhani kazi imekwisha. Hatukujiuliza karatasi ile itasomwa na nani, kwa macho ya namna gani, na kwa mwanga gani wa jikoni kabla ya alfajiri.

Aliyejiuliza alikuwa mjukuu wake, binti wa miaka 12. Mchana wa Jumamosi ile ile alichukua karatasi, rula, penseli na kalamu nyeusi, akaliandika upya jedwali la siku zilizobaki. Mstari mmoja aliuacha mweupe na wa pili akautia kivuli chepesi, hivyo hivyo hadi mwisho, ili jicho lisipotee likitoka tarehe hadi wakati. Nyakati mbili ambazo mfungaji huzihitaji zaidi, yaani alfajiri na magharibi, aliziandika kwa tarakimu kubwa na nene kuliko nyinginezo. Baina ya Jumamosi na Jumapili akapiga mstari mzito wa kalamu, na juu yake akaandika kwa Kiswahili kwamba usiku huu saa isogezwe mbele. Tukatoa fotokopi 80, tukazigawa usiku ule baada ya tarawehe.

Binti yule hakujua kwamba alichokifanya kina jina, kina vyuo vyake, na kina watu wanaojipatia riziki kwacho. Tuliposema naye tukatambua kuwa wazazi wengi miongoni mwetu nao hawajui. Ndiyo maana tumeona tuandike makala haya.

KAZI HII NI IPI?

Usanifu wa michoro ni kazi ya kupanga herufi, tarakimu, rangi, picha na nafasi tupu ili mtu aelewe jambo upesi na bila ya kukosea. Wengi wetu tukisikia neno "michoro" hufikiri juu ya mtu anayechora ua au mandhari na kuitundika ukutani. Huo ni usanii, nao una heshima yake. Lakini msanifu wa michoro hufanya kazi kwa ajili ya mtu mwingine mwenye haja. Daktari anataka mgonjwa ajue vidonge vingapi ameze na lini. Mwenye duka anataka mpita njia atambue kinachouzwa ndani. Kiwanja cha ndege kinataka msafiri asiyejua lugha aufikie mlango wake kabla ndege haijaondoka. Msanifu husimama baina ya mwenye ujumbe na mwenye kuupokea.

Tazameni nyumbani kwenu mtaona mikono yake kila mahali: pakiti ya mchele, jalada la msahafu, kadi ya harusi, barua ya hospitali, skrini ya simu, ramani ya treni. Hata karatasi hii mnayoishika imesanifiwa, japo kwa uchache wa elimu. Karatasi ya A3 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A4, na ndiyo sababu jarida letu lina kurasa nne au nane na kamwe si tano. Karatasi za namna hii zilipangwa Ujerumani mwaka 1922 kwa hesabu maalumu: ukiikata katikati, nusu yake hubaki na umbo lile lile. Mzazi anayedhani kwamba kazi hii ni kimbilio la mtoto asiyependa hesabu na akae na rula mara moja atajionea.

MGENI ALIYEPANGA VIBAO VYA NCHI NZIMA

Mfano ulio karibu nasi tunaupita kila siku barabarani. Mwaka 1957 msanifu Jock Kinneir alipewa kazi ya kutengeneza vibao vya barabara kuu mpya za Uingereza. Alifanya kazi hiyo pamoja na Margaret Calvert, aliyekuwa mwanafunzi wake. Calvert alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1936, akaja Uingereza mwaka 1950, naye angali kijana wa umri ule ule wa watoto wetu tunaowazungumzia hapa.

Vibao vya zamani vilikuwa mchanganyiko wa mitindo mingi, na vingi viliandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kinneir na Calvert walitambua kwamba dereva anayekwenda kasi hana nafasi ya kusoma herufi moja moja. Huutambua mji kwa umbo la neno zima. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu lina umbo la sanduku, na masanduku yote hufanana. Lililoanza kwa herufi kubwa likafuatwa na ndogo lina vilele na mabonde yake. Kwa hiyo wakaunda herufi mpya, wakapima nafasi baina ya moja na nyingine, wakavijaribu vibao vyao kwa kuvitazama kutoka mbali. Baadaye wakapewa barabara nyingine zote za nchi, na utaratibu wao ukaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1965. Tunautumia hadi leo.

Kibao cha pembetatu kilicho karibu na shule, chenye msichana aliyemshika mkono mtoto mdogo wa kiume, alikichora Calvert, na msichana yule alimchora kwa kukumbuka sura yake mwenyewe utotoni. Katika kibao kilichotangulia, mvulana mkubwa mwenye kofia ya shule ndiye aliyekuwa akimwongoza msichana. Calvert akageuza, dada akawa kiongozi wa ndugu yake mdogo, kama tuonavyo katika nyumba zetu kila asubuhi. Basi mtoto wa kigeni aliyekuja katika nchi hii aliweza kuipangia nchi nzima namna ya kusoma njia zake. Hatusemi kwamba kila mtoto wetu atafika huko. Tunasema kwamba mlango huo hauna jina la kabila juu yake.

SI KAZI NGENI KWETU

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Tunawaomba wakumbuke kwamba Mwenyezi Mungu ameapa kwa kalamu katika Suratul-Qalam, na kwamba Waislamu waliifanya herufi kuwa elimu kabla ya mashine ya chapa kufika Ulaya. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940 Miladia, anatajwa kuwa ndiye aliyeziwekea herufi za Kiarabu kanuni ya vipimo. Nukta inayotoka katika ncha ya kalamu ndiyo kipimo. Urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta. Na alifu hiyo ndiyo kipenyo cha duara ambamo herufi nyingine hupimwa. Msanifu wa leo anayepima herufi kwenye kompyuta hafanyi jambo jingine.

Katika pwani yetu pia mafundi walikuwapo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, kulinakiliwa misahafu katika karne ya 18 na ya 19, yenye pambizo zilizopambwa na rangi zilizochaguliwa kwa mpango. Mnakili alikuwa na tatizo lile lile lililotushinda sisi katika jedwali: namna ya kulisaidia jicho lijue aya imekoma wapi.

Na akina mama wana kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo huzunguka nguo na kuishika isitawanyike. Mji ndio uwanja wa mchoro. Jina huwekwa ndani ya kisanduku chake, mahali ambapo nguo ikivaliwa patasomeka. Hapo zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kilatini, lakini mpango wa nguo ukabaki. Kanga za Mombasa zenye alama ya Mali ya Abdulla zinajulikana pwani nzima kwa alama hiyo. Kumbe hiyo nayo ni nembo, na kazi ya nembo ni kumfanya mnunuzi aitambue bidhaa hata kabla ya kusoma. Mtoto aliyekua akiona kanga zikianikwa amekwisha kupata somo lake la kwanza. Kilichobaki ni mtu wa kumwambia kwamba lile lilikuwa somo.

Zaidi ya urithi huo, watoto wetu wana faida nyingine ambayo wenyewe huiona kuwa mzigo. Wanasoma herufi za Kilatini shuleni, za Kiarabu madrasa, na wanasikia Kiswahili nyumbani. Mara ngapi tumeona bango ambalo maneno yake ya Kiarabu yamekatika vipande, kila herufi imesimama peke yake, au yameandikwa kutoka kushoto kwenda kulia? Hutokea hivyo pale programu ya kompyuta isipoelewa kwamba herufi za Kiarabu huungana na huanzia kulia, na mtengenezaji asiyeisoma lugha haoni kosa. Kiswahili nacho kina tabia zake. Maneno yake ni marefu, nayo yakifika ukingo wa safu lazima yakatwe mwisho wa silabi. Mtu asiyeijua lugha ataligawa neno "wanafunzi" akaiacha herufi ya f juu na sauti yake chini. Mtoto wa madrasa huyaona makosa yote mawili kwa mtazamo mmoja.

WAKATI WA FOMU YA MASOMO

Kwa nini tunawataja watoto wa miaka 11 hadi 14 na si wakubwa zaidi? Kwa sababu huo ndio umri ambao milango huanza kuchaguliwa. Katika shule za England mwanafunzi huchagua masomo ya mtihani wa GCSE akiwa mwaka wa 9, na katika baadhi ya shule akiwa mwaka wa 8. Fomu huja nyumbani, mzazi hutia saini, na mara nyingi mazungumzo hayazidi dakika kumi.

Ndani ya GCSE ya Sanaa na Usanifu lipo tawi ambalo katika fomu huandikwa Graphic Communication. Si kila shule hulifundisha, kwa hiyo ni wajibu wa mzazi kuuliza. Alama 60 katika 100 hutokana na mkusanyo wa kazi ambazo mwanafunzi huzifanya katika muda wa masomo, na 40 hutokana na kazi inayotolewa na baraza la mitihani, ambayo huhitimishwa kwa saa 10 chini ya usimamizi. Kwa hiyo si somo la mvivu. Mtoto anayengoja wiki ya mwisho ndipo afungue daftari hulianguka somo hili upesi kuliko historia.

Jambo moja tunataka mzazi alishike, kwa maana tumeona likizusha ugomvi usio na sababu. Kiingereza, hesabu na sayansi ni lazima kwa kila mwanafunzi wa umri huo. Hazimo katika uchaguzi. Mtoto akichagua usanifu wa michoro akiwa na miaka 13 hajaufunga mlango wa udaktari, wala wa uhandisi, wala wa uhasibu. Anachokitoa ni nafasi moja miongoni mwa chache za kuchagua, ambayo ingeweza kwenda kwa jiografia, au lugha, au somo la kompyuta. Hiyo ni gharama ya kweli, na inafaa ipimwe. Lakini si gharama ya maisha yake yote.

Baadaye, anayetaka kuendelea huenda chuo akiwa na miaka 16, na wengi hupitia mwaka mmoja wa matayarisho ya sanaa kabla ya shahada ya miaka mitatu. Ieleweke, hata hivyo, kwamba kazi hii haina leseni kama ya daktari au wakili. Mwajiri huomba kwanza mkusanyo wa kazi, na cheti hufuata. Kwa familia ambazo suala la mkopo wa chuo wenye riba linazikosesha usingizi, hili si jambo dogo: njia ya kuingia bila ya shahada ipo, ingawa ni ndefu na yataka bidii ya mtu mwenyewe.

MASWALI YA WAZAZI

Baba wa yule binti, ambaye ndiye aliyemkuta mama yake akinywa chai, alitujia na maneno mazito. Alisema kwamba hakufanya zamu za usiku miaka kumi na mitano ili bintiye aje kupaka rangi. Hatukumcheka, wala hatukumwona kuwa ni mtu wa zamani. Aliyeijua njaa huhesabu chakula kabla hakijaingia nyumbani. Maswali yake ni ya wengi, nasi tutayajibu kwa kadiri ya uwezo wetu.

La kwanza ni riziki. Wapo wanaoishi vizuri kwa kazi hii, na wapo wanaohangaika. Aliyeajiriwa ana mshahara wa mwezi. Anayejitegemea huweza kupata kazi tatu katika wiki moja kisha akakaa wiki sita akingoja, na wateja wengine huchelewa kulipa. Kwa hiyo mtoto anayeipenda kazi hii afundishwe mapema kuandika makubaliano, kuweka hesabu na kudai haki yake kwa adabu. Kipaji bila ya daftari la hesabu hakilishi watu.

La pili ni dini. Katika suala la kuchora viumbe vyenye roho wanazuoni wana maneno mengi, na jarida hili si mahali pa fatwa. Kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini. Tunaloweza kusema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji sura ya kiumbe: ni herufi, tarakimu, mistari, rangi na nafasi. Jedwali la binti yetu halikuwa na hata jicho moja. Liko pia suala la matangazo ya pombe na kamari. Hayo yapo, na fedha zake zinashawishi. Anayejitegemea aweza kuyakataa. Aliyeajiriwa huenda akatiwa katika mtihani. Ni bora mtoto aingie akijua, na aulize katika mahojiano ya kazi wateja wa kampuni ni akina nani, kuliko kushtuka baadaye.

La tatu ni kompyuta. Tangu mwaka 2022 programu za akili bandia zinazochora picha kwa kuandikiwa maneno zimeenea kwa watu wote. Kazi ndogo ndogo ambazo zamani kijana alianzia, kama kadi ya haraka au picha ya tangazo, sasa mteja aweza kujitengenezea mwenyewe. Hatuwezi kuwaficha wazazi jambo hilo. Lakini fikirini tena juu ya asubuhi ile ya jikoni. Nyakati za jedwali letu zilihesabiwa na kompyuta, na zote zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni mtu aliyemjua bibi, aliyejua kwamba husoma bila ya miwani anapokula, na kwamba usiku ule saa zitabadilika. Mtoto anayejifunza kubofya tu atashindana na mashine. Anayejifunza kuuliza nani atasoma, na wapi, na akiwa katika hali gani, ana kazi ya kufanya hata chombo kikibadilika.

YA KUFANYA NYUMBANI

Baada ya Idd ile tuliwakusanya watoto kumi na wanne wa umri huu kwa Jumamosi tatu, baada ya madrasa. Hatukuwa na kompyuta hata moja. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na kila mzazi aweza kuyafanya mezani kwake.

1. Mtoto aandike tangazo la harusi au la khitma kwa mkono. Kisha mzazi alishike hatua tatu mbali kwa muda wa kuhesabu hadi tano, alifiche, na amuulize mtu mwingine: ni nini, lini, wapi? Lisilokumbukwa lipangwe upya. Watoto wetu wengi waliandika salamu kwa herufi kubwa na tarehe kwa herufi ndogo, kama tulivyokuwa tukifanya sisi wakubwa.

2. Atie rangi tangazo lake, kisha alitolee fotokopi nyeusi. Nyekundu na kijani zilizokuwa zikipigana sasa huweza kuwa kijivu kimoja. Ikiwa tangazo bado linasomeka, mpango wake ni imara. Zoezi hili pia humfunza kwamba wako watu wasiozitofautisha rangi hizo mbili. Kwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini takriban mwanamume 1 katika 12 ana tatizo la kutofautisha rangi.

3. Achukue kanga ya mama yake, apime pindo, mji na kisanduku cha jina, kisha aichore kwa kipimo kidogo kwenye karatasi ya mirabaa. Halafu abuni ya kwake, yenye jina alilolitunga mwenyewe. Katika darasa letu hili ndilo lililowafanya wavulana wanyamaze kimya.

4. Achague barua moja ya hospitali au ya halmashauri iliyomchosha babu au bibi, aisome pamoja naye, aweke alama kila mahali waliposimama au kurudia, kisha aipange upya. Humo atajifunza mengi kuliko katika kuchora nembo ya timu ya mpira.

5. Ahifadhi kila kazi yake, na iliyoharibika pia, katika jalada moja, na nyuma ya kila karatasi aandike tarehe na sababu ya alichokifanya. Akifika miaka 16, jalada hilo litamsemea.

Tunamwomba mzazi jambo moja zaidi. Akimkuta mtoto amechora pembezoni mwa daftari la hesabu, asiichane karatasi. Amkemee kwa kutomaliza hesabu, ikiwa hakuimaliza. Kisha amuulize alichokichora ni cha nini. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo, lakini mtoto huikumbuka miaka.

Tumalizie kwa habari ya nyumba ile. Baba na binti walizungumza kwa wiki kadhaa, na hatuwezi kusema kwamba wamekubaliana juu ya maisha yote. Walichokubaliana ni fomu. Somo la michoro litachaguliwa, kwa sharti kwamba alama za sayansi na hesabu zisishuke, na kila mwisho wa muhula wataketi watazame pamoja. Baba angali akitumaini kupata mfamasia. Binti akamjibu kwamba hata mfamasia anahitaji mtu wa kuandika vizuri kibandiko cha chupa ya dawa, na baba, kwa mujibu wa binti, alijizuia kucheka. Bibi hakutoa rai yoyote, ila lile jedwali la kalamu nyeusi hajalibandua, ingawa Ramadhani yake imekwisha zamani.

Jedwali la Ramadhani ijayo, in shaa Allah, tunataka litengenezwe na watoto wenyewe. Kila mwenye mtoto wa miaka 11 hadi 14 anayependa herufi, rula au rangi na amlete baada ya madrasa, pamoja na penseli yake. Na wazee wenye macho yaliyochoka nao tunawahitaji sana, kwa sababu wao ndio watakaokuwa watahini.

Wabillahi tawfiq.